Jinsi ya Kumlisha Sungura Majani ya Viungo Bila Kumvuruga Tumbo

Maswali ni yale yale kila wiki. "Sungura anaruhusiwa giligilani?" "Jana nilimpa mnanaa, leo anaharisha, kwani ni sumu?" "Nimeambiwa paseli inaua figo, ni kweli?" Nimeyajibu moja moja hadi nimechoka, ndiyo maana nimeamua kuyakusanya hapa.

Jibu la haraka ni ndiyo. Majani mengi ya viungo tunayotia kwenye mapishi, sungura huyala, tena hukimbilia. Lakini sungura wengi ninaosikia wameharibika tumbo hawakula sumu. Walikula jani zuri kabisa, fungu zima kwa mkupuo, siku ya kwanza, wakati hori halina nyasi. Kwa hiyo usitarajie orodha ndefu ya "hili sawa, hili hapana". Orodha ipo, ila ni fupi. Kazi yenyewe iko kwenye kiasi na mwendo.

Ninayemzungumzia hapa ni sungura kipenzi, yule unayetaka aishi nawe miaka 8, 10 au zaidi. Anayefuga kwa ajili ya nyama ana hesabu zake nyingine.

Mambo mawili ya tumboni, basi

La kwanza: sungura hatapiki. Hawezi. Paka akila kisichomfaa atakirudisha kwenye zulia lako. Sungura hana njia hiyo. Kilichoingia kitasafiri hadi mwisho, kiwe kizuri au kibaya.

La pili: sehemu kubwa ya chakula chake humalizwa na bakteria wanaoishi kwenye sekamu, mfuko mpana ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Bakteria hao wamezoea kile alichokula jana na juzi. Ukimbadilishia ghafla, wanaomfaa hupungua, wasiomfaa huzaliana, na gesi hujaa. Kutoka kwenye sekamu hiyo hutoka kinyesi laini, chenye kung'aa, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Sungura hukila papo hapo kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Usishtuke wala usimzuie, maana humo ndimo anamopata vitamini na protini zilizotengenezwa na bakteria wake. Kariri sura ya kinyesi hicho. Wengi hukiona na kudhani ni kuhara.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nyasi kavu zisizokatika, mchana na usiku. Asilimia 80 au zaidi ya chakula cha sungura mzima inapaswa kuwa nyasi. Kama hori lako hukaa tupu saa kadhaa kwa siku, mwongozo huu bado haukuhusu. Nenda kashughulikie nyasi kwanza.
- Maji safi kwenye bakuli zito lisilopinduka. Chupa ya kulamba inafaa kama akiba, lakini wengi hunywa zaidi wakipewa bakuli.
- Mizani ya jikoni ya kumpima yeye mwenyewe kila wiki. Sungura huficha ugonjwa, na kupungua uzito mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza utakayoiona.
- Chujio, mkasi, na kitambaa safi cha kukaushia.
- Daftari. Usitegemee kichwa, baada ya majani matatu utasahau lipi lilianza lini.
- Namba ya daktari wa wanyama anayejua sungura. Muulize mapema, siku ambayo hakuna dharura. Si kila daktari wa mbwa na paka huwatibu, na zipo dawa za kawaida, kama amoksilini ya kumeza, zinazoweza kumuua sungura kwa kuwamaliza bakteria wale niliowataja.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha yeye mwenyewe yuko tayari.

Asiwe chini ya wiki 12. Mtoto mdogo kuliko hapo tumbo lake bado halijatulia, na kuhara kwake kunaweza kumwondoa kwa siku moja. Aliyefika nyumbani kwako juzi mwache kwanza wiki mbili ale kile alichokuwa akila alikotoka, hata kama hukipendi. Safari na makao mapya peke yake vinamtosha.

Kisha angalia kinyesi chake kwa siku saba mfululizo. Unatafuta vidonge vya duara, vikavu, vinavyokaribia kulingana, ambavyo ukivibonyeza vinapasuka na kuonyesha nyuzi za nyasi ndani. Kama viko hivyo, endelea. Kama ni vidogo vidogo, vimeungana kwa manyoya, au ni laini, hiyo si wiki ya kuanza jani jipya.

2. Chagua jani moja. Moja tu.

Kwa anayeanza ninapendekeza majani ya giligilani, yale wengine huyaita dania au kotimiri. Kalisi yake (yale madini ya mifupa, kalsiamu) ni ndogo ukilinganisha na viungo vingine, ni laini kutafuna, na sijaona wengi wakiyakataa. Ukishavuka hapo, haya ndiyo ninayoyatumia kwa mzunguko:

Rehani. Harufu yake ama wataipenda au wataikimbia, hakuna katikati.

Mnanaa, kwa kiasi kidogo. Ila ndani ya ukoo wa mnanaa yumo ndugu mmoja mbaya, penirojali (*Mentha pulegium*), mwenye vijani vidogo na mafuta yenye sumu kali kwa ini. Kama huna hakika mmea wako ni mnanaa wa aina gani, usimpe.

Shibiti na shamari. Ya shamari anaweza kula majani na mabua pia.

Paseli. Watu huichanganya na giligilani sokoni. Ya paseli ni ya kijani kilichokolea zaidi, jani lake ni gumu kidogo, na ukilisugua kwa vidole harufu yake ni tulivu, karibu na ya nyasi. Giligilani itajitangaza yenyewe kabla hujaisugua.

Zatari, oregano na rozimeri. Haya yana mafuta mengi ya harufu, hivyo kijitawi kimoja kinatosha, tena si kila siku.

Majani ya karoti nayo huulizwa sana. Yanafaa, kwa utaratibu uleule. Karoti yenyewe, licha ya picha zote za vitabu vya watoto, ina sukari ya kutosha kuwa peremende kwake. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole kinamtosha.

3. Jua lilikotoka.

Mahali pazuri kuliko pote ni chungu chako mwenyewe dirishani. Giligilani huota kwa mbegu zilezile za viungo, mradi ziwe nzima na hazijakaangwa. Zipasue kidogo kwa kiganja kabla ya kuzifukia.

Ukinunua mche uliokwisha kuoteshwa kwenye kopo, usimpe siku hiyo. Baadhi ya dawa za wadudu hunywewa na mizizi na kukaa ndani ya jani, na hizo huziondoi kwa kuosha. Ukate mche karibu wote, utunze wiki kadhaa, kisha umlishe machipukizi mapya.

Usichume kando ya barabara, wala mahali mbwa na paka wanapojisaidia, wala palipopulizwa dawa ya magugu. Kama eneo lako lina sungura wa porini, usichume wanapokula. Virusi vya ugonjwa wa kuvuja damu wa sungura huweza kudumu nje ya mwili kwa miezi, na jani ni chombo kizuri cha kuvisafirishia hadi kwako.

Na kuhusu kuchuma porini mmea "unaofanana na paseli": usithubutu. Karoti, paseli, giligilani, shibiti na shamari ni ukoo mmoja, na katika ukoo huohuo yumo hemloki (*Conium maculatum*), mmea ambao kinywaji chake kilimuua Sokrates huko Athene mwaka 399 KK. Majani yake machanga yanaweza kumdanganya hata mtu aliyezoea bustani. Sungura wako naye ataunusa tu na kula, kwani ule usemi kwamba "mnyama hujua mwenyewe jani baya" haumhusu aliyezaliwa kibandani na kulelewa sebuleni.

4. Osha, pangusa, kagua.

Pitisha majani chini ya maji yanayotiririka, yatikise kwenye chujio, uyapanguse. Usitumie sabuni. Toa kila jani lililogeuka njano, lenye ute au madoa meusi, na ule mpira au waya unaofunga fungu. Waya huo nimewahi kuukuta ndani ya bakuli la chakula, umetafunwa upande mmoja. Tangu siku hiyo hufungua fungu juu ya sinki, kamwe si karibu na kibanda.

Utasikia kwamba majani yenye maji huua sungura, na kwamba lazima yanyaushwe kwanza. Jani safi lenye matone ya maji halina neno. Linamwongezea maji mwilini, jambo linalomsaidia. Hatari iko kwenye majani yaliyolundikwa mabichi hadi yakapata joto katikati ya lundo. Hayo yameanza kuchacha, na yatatoa gesi tumboni mwake. Ingiza mkono ndani ya fungu. Ukihisi vuguvugu, tupa lote.

Yakitoka kwenye friji, yaache nje dakika kumi hivi. Yaliyoganda yasimfikie.

5. Siku ya kwanza: kijitawi kimoja.

Namaanisha kimoja, chenye majani matatu au manne. Mpe asubuhi, siku ambayo utakuwepo nyumbani, ili uone kitakachotokea mchana kutwa. Jani jipya la saa nne usiku ni kamari: tatizo likija, litakuja ukiwa umelala na daktari amefunga.

Na mpe baada ya kula nyasi, wala si kwenye tumbo la njaa.

6. Subiri saa 24, usome kinyesi.

Hapa ndipo wenye haraka hujikwaa. Sungura amemaliza kijitawi, anakutazama kwa macho yale, anasimama kwa miguu ya nyuma, na wewe moyo unayeyuka. Mwache asimame. Kesho yake angalia vidonge: vimebaki vya duara na vikavu? Ameendelea kula nyasi kama kawaida? Mkojo uko vilevile? Andika.

7. Panda ngazi polepole.

Kama kila kitu kiko sawa, ongeza: vijitawi viwili siku ya pili na ya tatu, vitatu siku ya nne, kisha kaa hapo hadi wiki iishe. Ikitokea kinyesi kimelainika, rudi nyuma, usisonge mbele kwa kutumaini kitajirekebisha.

8. Wiki ya pili ndipo jani la pili liingie.

La kwanza linaendelea kwa kiasi kilekile, la pili linaanza na kijitawi kimoja. Ukianzisha mawili siku moja na tumbo likavurugika, hutajua la kumlaumu, na itabidi uyaondoe yote na kuanza upya. Kwa mwendo huu, baada ya miezi miwili utakuwa na majani saba au nane yaliyothibitishwa na tumbo la sungura wako. Ni polepole, najua. Mimi sungura wangu wa kwanza, Pamba, nilimpa giligilani, paseli na rehani siku moja, nikapiga na picha. Kilichofuata ni siku tatu za kuosha makalio ya sungura, na yeyote aliyewahi kuosha makalio ya sungura anajua kwa nini sikurudia.

9. Weka kipimo cha kudumu.

Kwa sungura mzima mwenye afya, kipimo kinachotumiwa sana ni kikombe kimoja cha majani mabichi kwa kila kilo moja ya uzito, kwa siku. Hayo ni majani yote kwa pamoja, mboga na viungo. Sehemu kubwa ya kikombe iwe letusi ya majani marefu na mboga nyingine za majani alizokwisha kuzizoea; majani ya viungo nayahesabu kuwa theluthi moja, basi. Sungura wa kilo 2 atapata vikombe viwili, ambavyo mimi huvigawa asubuhi na jioni, kila kimoja kikiwa na aina mbili au tatu. Badilisha aina kutoka siku hadi siku badala ya kurudia moja mwezi mzima.

Kama baada ya majani nyasi zinabaki bila kuguswa, umempa mengi. Punguza bila huruma.

10. Ondoa mabaki.

Baada ya saa mbili au tatu, kilichobaki kikiwa kimenyauka kitoe. Usikisukume pembeni kwamba atakimalizia usiku.

Hili la kalisi na "paseli inaua figo"

Swali hili linastahili nafasi yake, maana hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe.

Wanyama wengi hunyonya kalisi kutoka utumboni kulingana na mahitaji. Sungura yeye huichukua karibu yote inayopatikana kwenye chakula, kisha figo hutoa ile ya ziada kwa njia ya mkojo. Ndiyo sababu mkojo wake wa kawaida huwa na ukungu mweupe na huacha unga ukikauka. Ziada ikizidi na maji yakipungua, unga huo huwa tope zito kwenye kibofu, na wakati mwingine jiwe.

Sasa tazama namba. Katika gramu 100 za majani mabichi, giligilani ina takriban miligramu 67 za kalisi, paseli 138, rehani 177, shibiti 208, mnanaa karibu 200 au zaidi kutegemea aina, na zatari 405. Letusi ndefu ina 33. Ukisoma hapo tu utaiogopa zatari kama moto. Lakini nani anamlisha sungura gramu 100 za zatari? Gramu 5 za paseli, ambazo ni lundo dogo la kueleweka, zina miligramu 7 hivi. Gramu 100 za nyasi kavu za kawaida zina mamia ya miligramu, na nyasi za lusini (alfalfa) huvuka 1,000.

Kwa hiyo sungura mwenye tope kwenye kibofu, swali langu la kwanza si kuhusu paseli. Nauliza: anakula lusini ilhali ni mkubwa tayari? Bakuli la pelleti, chakula cha punje cha kiwandani, linajazwa kila linapokwisha? Anakunywa maji? Ni mnene, hatembei? Majibu huwa huko. Lusini ni ya watoto wanaokua na majike wanaonyonyesha; mzima mwenye afya haihitaji.

Tahadhari inabaki kwa aliyekwisha kuugua kibofu au figo. Huyo abaki kwenye giligilani na letusi, na majani mengine yaingie kwa ruhusa ya daktari wake. Paseli ina pia oksalati za kutosha (chumvi za mimea zinazoshikana na kalisi), kama ilivyo spinachi, hivyo hizo mbili sizipi siku moja.

Yasiyoguswa kabisa

Vitunguu vya aina zote: kitunguu maji, majani ya kitunguu, kitunguu saumu, liki, chaivu. Huharibu chembe nyekundu za damu, viwe vibichi, vimepikwa au vimekauka. Hili ndilo kosa la jikoni linalotokea zaidi, kwa sababu giligilani na majani ya kitunguu hukatwa kwenye ubao mmoja. Jani lake likatwe kwanza, kabla kitunguu hakijagusa kisu.

Majani na mashina ya nyanya na viazi mviringo. Mparachichi: majani, tunda, kokwa. Majani ya rubarbi. Oleanda, lantana, mayungiyungi na difenbachia. Hata zikiwa ni pambo la nyumba, ziwe mahali asipofika, na kumbuka sungura anaruka juu kuliko unavyodhani.

Mafuta ya kujipaka au kunusa yaliyokamuliwa kutoka mnanaa, rozimeri au zatari si sawa na jani. Tone moja limebeba harufu ya majani mengi mno. Usiyatie kwenye maji yake, wala kwenye chakula.

Chochote kilichokwisha kutiwa chumvi, mafuta au ndimu ni chako wewe.

Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

Kupima majani makavu kama mabichi. Jani likikauka maji hutoka lakini yaliyomo hubaki, hivyo kijiko cha oregano kavu ni kichaka. Ukitaka kutumia makavu, finyo moja juu ya nyasi, na yawe yamekaushwa bila chumvi wala mchanganyiko wa viungo vya pakiti.

Kutumia majani kama dawa. "Hana hamu ya kula, nimempa mnanaa wa gesi, nasubiri kesho." Mnanaa hautamdhuru, kule kusubiri kesho ndiko kutakakomdhuru. Soma sehemu inayofuata.

Kubadilisha chakula kila kitu kwa pamoja: pelleti mpya, nyasi mpya na jani jipya katika wiki moja.

Na kuwalisha wawili pamoja bila kuangalia nani anakula nini. Daima kuna mmoja mwenye mbio. Yeye atakula vya wawili, na utadhani wote wameonja. Siku za majaribio watenganishe kwa dakika tano.

Mambo yakiharibika

*Vichala laini vimelala sakafuni bila kuliwa, vidonge vya kawaida vipo.* Huku si kuhara. Chakula kimekuwa kitajiri kuliko anavyohitaji. Punguza pelleti kwanza, kisha jani la mwisho ulilolianzisha. Kama ni mnene au ana maumivu ya mgongo, huenda anashindwa kujipinda kufika huko. Hilo la daktari.

*Vidonge vimelainika na kupoteza umbo.* Ondoa jani jipya na majani mengine mabichi, baki na nyasi na maji kwa siku moja au mbili. Usimfungie chakula, sungura hafungi. Vidonge vikirudi sawa, hesabu siku tano nzima ndipo ufikirie kijitawi tena, na mara hii nusu yake.

*Kuhara maji matupu.* Daktari leo, si kesho. Kwa mtoto ni mbio za saa chache. Mweke pakavu na pa joto la wastani wakati unajiandaa kwenda.

*Hajala, na hajatoa kinyesi kwa saa 10 hadi 12.* Hii ndiyo dharura kubwa kuliko zote, utumbo umesimama. Mara nyingi atakuwa amejikunyata, masikio baridi, meno yakisaga kwa sauti, anakataa hata kitu anachokipenda kuliko vyote. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Usimsukumie chakula kwa sindano kabla ya kuchunguzwa, hasa kama tumbo limekaza kama ngoma, maana likiwa limeziba unaongeza mzigo juu ya kizuizi. Mpeleke, na uchukue daftari lako: alichokula, lini, kiasi gani.

*Mkojo mwekundu au rangi ya machungwa.* Rangi za mimea zinaweza kufanya hivi, na hupita zenyewe kwa siku moja mbili. Lakini akijikamua, akikojoa vitone vitone, au ukiona mabonge, chukulia ni damu hadi daktari aseme vingine. Jike asiyehasiwa asisubirishwe, kwa sababu damu inaweza kutoka kwenye kizazi.

*Mkojo mzito mweupe kama dawa ya meno.* Ongeza maji ya kunywa, achana na lusini, mpeleke apimwe kibofu.

*Amekula mmea usioujua.* Mtoe kinachobaki mdomoni kama kinaonekana, chukua tawi lote la mmea, pamoja na ua kama lipo, au upige picha, kisha mpigie daktari mara moja hata kama anaonekana mzima. Usijaribu kumtapisha kwa chumvi wala kwa kidole. Nimeshasema hana njia ya kutapika.

*Anakataa kila jani.* Hakuna lililoharibika. Asiyewahi kuonja jani bichi hulitazama kama kitu kigeni. Lisugue kwa vidole harufu itoke, lifiche katikati ya nyasi, au uning'inize kijitawi ubavuni mwa kibanda avute mwenyewe. Jaribu siku tatu, pumzika wiki, jaribu lingine. Na kama hataki kabisa lakini anakula nyasi vizuri, mwache. Pamba aliishi nami miaka saba bila kula rehani hata mara moja. Kila nilipomwekea aliichukua kwa meno, akaitupa nje ya bakuli, akarudi kwenye nyasi zake.